Aliyepatikana na Hatia Bado Ana Neno

Mtu akishathibitika kuwa ameua kwa kukusudia, je, bado ana haki ya kusikilizwa? Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilijibu kwamba anayo. Katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake, majaji walikipima kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomwachia jaji adhabu moja tu kwa muuaji, yaani kifo, wakaona ulazima huo unavunja Katiba. Hukumu ya kifo yenyewe hawakuifuta. Walichokataa ni sheria inayomziba jaji masikio kabla mshtakiwa hajaeleza lolote la kumpunguzia adhabu. Naamini waliamua sawa, na sababu yake ni ya kale kuliko Katiba. Katika Kitabu cha Mwanzo, Mungu ajuaye yote alimwuliza Adamu kabla ya kumhukumu, ingawa hakuhitaji ushahidi. Waislamu nao wamepokea kwamba Mtume alimwagiza Ali asiamue kati ya watu wawili mpaka amsikie na wa pili. Kusikiliza, basi, si kutafuta habari tu. Ni kukiri kwamba aliyesimama mbele yako ni mtu, na hatia haimvui mtu utu wake.

Wapo wanaosema kosa moja lipewe adhabu moja, la sivyo tajiri mwenye wakili hodari atanusurika na maskini atahukumiwa kifo. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni kumpatia maskini wakili, si kumnyamazisha kila mtu. Tena mauaji hayafanani. Aliyeua ili arithi mali na mke aliyemuua mume baada ya kuteswa miaka mingi hushtakiwa kwa kifungu kilekile. Ndiyo maana majaji walitaja umri, majuto, uwezekano wa kurekebika, na kosa lililotokana na ukatili wa kijinsia. Wengine huuliza: marehemu naye alisikilizwa na nani? Swali hili linauma. Lakini kumnyima mwenzake nafasi ya kusema ndiko alikofanya muuaji, na dola haipaswi kumwiga. Jaji aliyesikiliza bado anaweza kutoa adhabu kali.

Julai 2021 mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wake unahusu kesi za mauaji peke yake, hivyo wizi wa mabavu, ambao nao adhabu yake ya lazima ni kifo, ukabaki nje. Hoja ya utu haibagui makosa. Bunge la Kenya liuondoe ulazima huo huko pia.