UNAITWA NANI?

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii. Hebu nikuulize: unaitwa nani? Na jina lako maana yake nini?

Dada yangu anaitwa Tabu. Alizaliwa mwaka wa njaa, bibi akasema basi huyu aitwe Tabu. Shuleni mwalimu akiita majina, watoto wanacheka. Akakua akiamini jina lile ni hukumu yake. "Mimi ni wa tabu tu, kaka."

Siku moja nikamsomea habari za mama mmoja katika Biblia, Naomi. Kwa Kiebrania jina hilo maana yake ni utamu, jambo la kupendeza. Alikaa Bethlehemu, yaani nyumba ya mkate. Lakini nyumba ya mkate ikakosa mkate! Njaa ikawapeleka Moabu. Huko mumewe akafa. Wanawe wawili wakaoa, na baada ya miaka kama 10 nao wakafa. Akarudi kwao mikono mitupu, na mkwewe Ruthu. Wanawake wa mji wakashangaa: kweli huyu ni Naomi? Akawakataza. Akataka wamwite Mara, yaani uchungu (Ruthu 1:20).

Sasa angalia, kijana. Soma kitabu chote cha Ruthu, sura 4 tu. Hakuna hata mtu mmoja aliyemwita Mara! Alijipa mwenyewe jina la uchungu, lakini Biblia ikaendelea kumwita Naomi. Mwisho Ruthu akaolewa na Boazi, akamzaa Obedi, na majirani wakasema Naomi amepata mtoto. Obedi ndiye babu yake Daudi, na katika ukoo huo akazaliwa Bwana Yesu, Bethlehemu ile ile.

Dada yangu alilia sana siku ile. Jina hakubadili, bado ni Tabu. Ila siku hizi akiitwa anaitika kwa sauti.

Na wewe je? Kijiweni wanakuitaje? Mwizi? Malaya? Mvuta bangi? Au umejiita mwenyewe, "mimi nimeshindikana"? Mungu hajakuita hivyo! Usikubali jina ulilopewa na shida. Yesu anakuita leo.

Sema naye hapo hapo ulipo: "Bwana Yesu, nimekuja na uchungu wangu wote. Nisamehe dhambi zangu, uniite mtoto wako. Amina."

Umesema kwa moyo? Basi usikae peke yako. Njoo mkutanoni kesho, uje mbele, utuambie jina lako. Tutaomba pamoja.