Barua Hiyo Usiiandike kwa Mkono Wako

Wanangu mnaopanda boti Mkoani kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam, nisikilizeni kabla hamjafunga mizigo.

Mpwa wangu, fundi umeme aliyesomea kazi yake, aliajiriwa huko Bara miaka minne. Mshahara laki sita, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii ikikatwa kila mwezi. Usiku mmoja, mshahara umechelewa na hasira zimempanda, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa kwetu kwamba mabosi wake ni wezi. Alijiona yumo barazani. Kulipokucha, picha ya skrini iko mezani kwa bosi. Aliyeipeleka hatumjui hadi leo. Karafuu ikishachambuliwa, nani anairudisha kwenye konyo lake?

Lakini si maneno yale yaliyomwumiza zaidi. Alipoitwa ofisini aliambiwa kwa upole: ukifukuzwa utaharibu jina, afadhali uandike mwenyewe barua ya kuacha kazi, tuachane kwa wema. Haya ikamjaa, akaandika. Akashukuru, akatoka.

Hakujua alichopoteza. Mwaka 2018, sheria ya mifuko hiyo huko Bara iliweka fao la kukosa ajira mahali pa lile fao la kujitoa. Mwenye taaluma aliyechangia si chini ya miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Kwa mpwa wangu ni karibu laki mbili kila mwezi: kodi ya chumba, na nauli ya kuzungukia kazi nyingine. Ila aliyeacha kazi mwenyewe sheria haimpi. Barua ile aliyoiita ya heshima ndiyo iliyomfungia mlango. Hata malalamiko ya kuachishwa isivyo haki, ambayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, angeyasimamishaje na karatasi yenye saini yake inasema ameondoka kwa hiari? Nilimtumia nauli ya kurudi. Inaniuma kila nikimwona.

Na maneno ya mtandaoni yanaweza kuleta makubwa kuliko kupoteza kazi. Mwaka 2016, mahakama ya Arusha ilimhukumu mtu kifungo cha miaka 3 au faini ya shilingi milioni 7 kwa maneno ya Facebook juu ya Rais.

Siwaambii mnyamaze mkidhulumiwa. Mshahara ukichelewa, nendeni kwenye chama cha wafanyakazi, andikeni madai yenye tarehe, nakala bakini nayo. Hasira zikiwapanda usiku, simu iacheni hadi asubuhi.

Na mkiitwa ofisini mkawekewa kalamu mbele, semeni mnaomba siku moja. Kama wanataka kuwafukuza, wawafukuze wao, kwa barua yao, yenye sababu yao. Tokeni nje mnipigie kabla ya kutia saini chochote, hata kama ni saa ya swala. Nitapokea.