Deni la Mkusanyaji

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo sisi walimu wa lugha hukutana nayo kila mwaka bila ya kuyatambua ni hili: anayekusanya kazi za mtu mwingine anawiwa nini na mtu huyo? Twamsoma Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, kwa kuwa Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyahifadhi mashairi yake, na W. Hichens akayachapisha mwaka 1940. Lakini ya ushairi yamekwisha kusemwa mengi. Safari hii twapenda kuchukua mfano wa mbali, wa santuri, maana huko swali letu laonekana wazi zaidi.

Dusty Springfield alizaliwa London mwaka 1939, katika familia ya asili ya Ireland, jina lake la nyumbani likiwa Mary O'Brien. Akafariki mwaka 1999. Alianza kuimba peke yake mwishoni mwa mwaka 1963, na miaka mitatu haijatimia sawasawa, mwaka 1966 ukatoka mkusanyo ulioitwa Golden Hits. Tangu hapo nyimbo zake za miaka ya 1960 zimekusanywa na kukusanywa tena. Mwenye kuzisikiliza mfululizo hustaajabu: sauti yenye kwaruzo kidogo, isiyoharakia neno, inayojua mahali pa kunyamaza.

Mkusanyaji wa santuri aghalabu huteua kwa kipimo cha soko. Santuri ya Dusty in Memphis, iliyotoka mwaka 1969, haikuuzwa vizuri, ingawa baadaye ilihesabiwa kuwa kazi yake bora. Mikusanyo mingi huchukua humo wimbo mmoja tu uliopata umaarufu. Hili ni kosa dogo. Msomaji wa diwani naye hulivumilia.

Zito zaidi ni nasaba ya nyimbo. Wishin' and Hopin', uliompatia sifa Marekani mwaka 1964, ulikuwa umekwisha kuimbwa na Dionne Warwick, mwimbaji Mmarekani mweusi. Mkusanyo ukinyamaza juu ya hilo, msikilizaji kijana atadhani chemchemi ilianzia London. Mwenyewe hakunyamaza. Mwezi Aprili 1965 aliongoza kipindi cha televisheni nchini Uingereza kilichowatambulisha wasanii wa Motown, wakiwamo The Supremes na Stevie Wonder, kwa watazamaji ambao wengi wao walikuwa hawajapata kuwaona. Deni lake alilitaja hadharani. Kwa nini mkusanyaji alifute?

Kwetu sisi walimu wa lugha, wimbo wenye mafunzo mengi kuliko yote ni You Don't Have to Say You Love Me, ulioshika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966. Asili yake ni wimbo wa Kiitaliano wa Pino Donaggio, ambao Dusty aliusikia katika tamasha la Sanremo mwaka 1965. Maneno ya Kiingereza yaliandikwa na Vicki Wickham na Simon Napier-Bell, nao hawakutafsiri: walitunga upya juu ya sauti ile ile. Mpenzi wa Kiitaliano asema hawezi kuishi bila ya mwenziwe. Wa Kiingereza asema hata kupendwa si lazima, mradi mwenziwe awe karibu. Hayo ni mawazo mawili, wala la pili si kivuli cha la kwanza. Laiti wanafunzi wetu wangelinganisha nyimbo hizo mbili kabla ya kutuambia kwamba kufasiri ni kubadilisha maneno tu!

Lakini liko jambo ambalo hakuna mkusanyo uwezao kulitia ndani, hata mkusanyaji awe mwaminifu namna gani. Desemba 1964 Dusty alikwenda Afrika Kusini akiwa na mkataba uliosema kwamba hataimba mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi. Akaimba mbele ya watu waliochanganyika. Wakubwa wa serikali ya Makaburu wakamtaka akubali kuwaimbia watu waliotengwa. Akakataa, akafukuzwa nchini. Wapo wasanii wenziwe waliomlaumu, wakisema alitafuta sifa. Yeye alikuwa na umri wa miaka 25, na jina lake jipya lingaliweza kuharibika kwa urahisi.

Tendo hilo halikuacha wimbo. Zile jioni ambazo hakuimba hazina sahani. Hapa ndipo wanapotokea wasemao: wimbo ni wimbo, tendo ni tendo, sauti nzuri ya mtu mwovu ni nzuri vile vile, na ya mtu mwema yaweza kuchosha masikio. Hoja hii ina nguvu, nasi twaikubali nusu yake. Haifai kuusifu wimbo dhaifu kwa ajili ya ujasiri wa mwimbaji. Huko ni kuidhulumu sanaa, tena ni kuudhulumu ujasiri wenyewe kwa kuufanya tangazo la biashara.

Nusu ya pili hatuikubali. Mkusanyo haudai kwamba ni wimbo mmoja. Hubeba jina la mtu na picha ya uso wake, ukadai kutuonyesha miaka kadha ya maisha yake ya kazi. Ukisema "miaka ya 1960" ukauacha mwezi ule wa Desemba, umesema pungufu. Hatudai kitabu kizima. Nyuma ya jalada pana nafasi ya kutosha, ambayo kwa kawaida hujazwa sifa za bure: pangeandikwa jina la Dionne Warwick, jina la Pino Donaggio, na mstari mmoja kwamba mwaka 1964 mwimbaji huyu aliambiwa aimbe, akakataa.