Wingu Likikaa, Kaa

Tulisoma Hesabu 9:15–23.

Oktoba 17, 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines kutoka London kwenda Entebbe ilifika Roma usiku, ukungu mzito. Ikajaribu kutua mara mbili, ikashindikana. Ya tatu wakaendelea kushuka kupita kimo kilichowekwa, na uwanja hawajauona. Watu 33 kati ya 52 wakafa. Wachunguzi walisema marubani hawakujiandaa vya kutosha, tena hawakutajiana kimo inavyotakiwa. Hapo ndipo mimi huumia: watu wanakaa bega kwa bega, kimo hakisemwi!

Israeli wingu likikaa juu ya hema walikaa. Siku mbili, mwezi, hata mwaka, na hakuna aliyewacheka.

Sisi je? Mkopo umekataliwa mara mbili, ya tatu mtu anabeba hati ya shamba, mke hajui, oda ya mawe bado ni ahadi ya simu tu. (Nimesoma biashara, ahadi ya simu hailipi riba.) Halafu tunaita hiyo imani.

Kama kuna fomu utasaini wiki hii, itaje nyumbani leo jioni. Jumatano ije nayo kwa maombi, kabla ya kalamu.