Aliyechora Ukuta Mmoja: Swali la Hatia katika Filamu ya Cube

Neno mzingile, ambalo Euphrase Kezilahabi alilifanya kuwa anwani ya riwaya yake ya mwaka 1991, hutaja njia zinazompoteza mtu hata asijue aliingilia wapi. Filamu ya Cube, iliyoongozwa na Vincenzo Natali nchini Kanada mwaka 1997, ni mzingile wa aina hiyo. Watu wasiojuana wanazinduka ndani ya vyumba vya umbo la mchemraba, vingine vikiwa na mitego ya kuua. Hakuna anayejua ni nani aliyewatia humo, wala kwa nini. Kwa uhaba wa fedha, chumba kimoja kamili tu ndicho kilichojengwa, kikawa kinabadilishwa rangi ili kionekane vingi. Uhaba huo umegeuka nguvu ya kisanaa: kila mlango unaofunguliwa humrejesha mhusika, na mtazamaji pia, pale pale alipokuwa.

Ni rahisi kuisoma filamu hii kama fumbo la udhanaishi, kwamba binadamu ametupwa ulimwenguni bila sababu. Usomaji huo si wa makosa, ila unaliacha kando swali zito zaidi la kimaadili: je, mtu aliyetenda sehemu ndogo ya uovu, bila kuijua jumla yake, ana hatia?

Swali hili limebebwa na mhusika Worth, msanifu majengo. Katikati ya msuko anakiri kwamba ndiye aliyechora ganda la nje la jengo hilo. Alilipwa, akachora, hakuuliza. Wenzake nao walijua kila mmoja kipande chake. Anashikilia kwamba hakuna njama wala mkuu. Jengo linatumiwa kwa kuwa lipo. Daktari Holloway, anayeamini kwamba lazima pawe na mwenye mamlaka nyuma ya mambo haya, hawezi kulikubali jibu hilo. Baadaye polisi Quentin anamwachilia makusudi, naye anaangukia katika pengo lililo baina ya vyumba na ganda. Ukuta ambao Worth aliuchora bila kuuliza ndio unaokizunguka kifo chake. Hapa filamu inatuonya kwamba kukitafuta kichwa cha nyoka kunaweza kuwa njia ya kutoitazama mikono yetu wenyewe.

Msomaji wa Nakuru hana haja ya kwenda Kanada ili alielewe onyo hili. Free Area, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, ni mtaa wa watu waliotoka pande nyingi. Jina lake lenyewe linatangaza uhuru. Hata hivyo, mnamo Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoufikia mji wa Nakuru, majirani walipimwa kwa majina na lugha zao, na maelfu wakakimbilia uwanja wa maonyesho. Nchini kote Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Kesi zilizofunguliwa huko The Hague dhidi ya wakubwa zilikwisha kufikia mwaka 2016 pasipo yeyote kutiwa hatiani kwa ghasia hizo. Kichwa hakikupatikana. Je, mikono nayo haikuwapo? Katika ghasia za namna hii yupo anayeonyesha mlango wa jirani, yupo anayetoa gari, yupo anayepitisha uvumi. Kila mmoja aweza kusema, tena kwa kweli, kwamba alichora ukuta mmoja tu.

Huenda ikapingwa kwamba wote wakiwa na hatia, basi hakuna mwenye hatia. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Hatia hutofautiana kwa uzito: mchochezi si sawa na mpitisha uvumi. Lakini haifanani na mzigo wa kuni, unaopungua kadiri wachukuzi wanavyoongezeka. Vilevile, asiyejua ni mmoja, na asiyetaka kujua ni mwingine. Worth ni huyu wa pili.

Kwamba kipande chaweza kukataliwa, ushahidi tunao. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na al-Shabaab. Wenye bunduki walitaka kazi ndogo tu kwa abiria: Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Filamu fupi ya Watu Wote, ya Katja Benrath, iliyotolewa mwaka 2017, imekijenga kisa chake juu ya tukio hilo. Nayo pia yahusu wageni walionaswa pamoja. Tofauti ni kwamba mtego ulihitaji msaada wao, nao wakaunyima.

Katika Cube kukataa kunachelewa mno. Kazan, kijana mwenye usonji aliyeonwa kuwa mzigo, ndiye ambaye kipawa chake cha hesabu kimewafikisha kwenye njia ya kutokea. Worth, akiwa amejeruhiwa, anamng'ang'ania Quentin miguu ili Kazan apate kutoka. Kitendo hicho hakimwondolei hatia, wala hakilibomoi jengo. Lakini ni mara ya kwanza Worth anatenda kipande chake huku akijua ni cha nini.