Chuo na Skuli Katika Mji wa Kale wa Mombasa

Amma baad. Ndugu zetu wa pwani waliohamia huku Kuresoi hutuuliza: mtoto tumpeleke chuoni au skuli? Suala hili si geni. Wazee wetu wa Mombasa waliujua mlango mmoja tu wa elimu, nao ni chuo: mtoto huketi jamvini, ubao mapajani, akaanza alifu mpaka akahitimu. Skuli zilipokuja wengi walizikimbia, na hofu yao haikuwa ya kipumbavu, kwani nyingi zilikuwa za mapadri. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la al-Islah mwaka 1932, akawanasihi wazishike elimu zote mbili. Mwaka 1951 Waislamu wakafunguliwa chuo cha ufundi, ambacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Leo mambo yamepinduka. Skuli imetwaa mchana kutwa, chuo kimeachiwa saa ya kusinzia. Ada ya skuli hukopwa ikalipwa. Mwalimu wa chuo huambiwa angoje mwisho wa mwezi, na mwezi huo hauishi! Enyi wazazi, mlipeni siku ile ile mnayolipa skuli, na mumpelekee mtoto ambaye macho yake bado yako wazi.