Deraya Iliyowekwa Rehani

 

Ndugu zangu katika imani, wiki tatu kabla ya mitihani ndugu mmoja alinijia baada ya swala ya Isha. Aliomba shilingi 400,000 kutoka mfuko wetu wa qardh hasan ili amalizie ada na aruhusiwe kufanya mtihani. Kanuni ya mfuko ni kwamba anayekopa mara ya kwanza hapewi zaidi ya 100,000. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akauliza: "Sheikh, ina maana hamniamini?"

Usiku ule sikumjibu vizuri. Namjibu hapa, pamoja na wengine wanaonung'unika kimyakimya.

Mtume (s.a.w.) aliitwa al-Amin hata kabla ya kupewa utume. Pamoja na hayo, alipochukua shayiri kwa mkopo kutoka kwa Myahudi mmoja wa Madina, aliweka rehani deraya yake ya chuma. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alifariki deraya ile ikiwa bado rehani, kwa pishi 30 za shayiri. Kama dhamana ingekuwa tusi, basi mtu wa mwisho kuitoa angekuwa yeye.

Mkopeshaji haoni moyo wako. Anaona kipato chako, madeni uliyo nayo kwingine, na namna ulivyolipa mara iliyopita. Mkopaji mpya hana cha kuonyesha, kwa hiyo hupewa kidogo, na akilipa huongezewa. Kesho yako yeye haijui, na wewe pia huijui: mzazi anaweza kuugua, mavuno yakakosa bei.

Wengine husema: basi na atoze riba kubwa, ampe mtu anachotaka. Uharamu wa riba tunaujua, lakini hata kwa hesabu za dunia njia hiyo haifiki mbali. Riba ikipanda sana, mkopaji makini hujiondoa, maana yeye anapiga hesabu ya kulipa. Hubaki aliyebanwa kooni na yule asiye na nia ya kulipa kabisa, ambaye kwake bei yoyote ni sawa. Ndiyo maana hata wala riba, pamoja na kupenda kwao faida, huweka kikomo. Tajiri naye anacho: sheria ya taasisi za fedha ya Uganda ya mwaka 2004 inaizuia benki kumkopesha mtu mmoja zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wake wa msingi.

Sasa njoo kwenye mfuko wetu, usiotoza hata senti. Tuseme una 1,200,000. Tukiwapa watu watatu 400,000 kila mmoja, sanduku ni tupu. Mmoja akikwama, nitamfuata mlangoni kila asubuhi, kwa sababu nyuma yake kuna dada anayesubiri fedha za dawa. Lakini Allah ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 280, kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki. Tutampaje muda tukiwa tumemkabidhi sanduku zima? Kikomo kidogo ndicho kinachotuwezesha kuitii aya hiyo.

Ninachoogopa zaidi ni ujanja wa kukivuka kikomo. Wapo wanaochukua mkopo wa simu huku, mwingine kule, wa tatu kulipia wa kwanza, na kwenye fomu wanajaza kipato wasichokuwa nacho. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni katika swala yake, na alipoulizwa kwa nini mara nyingi hivyo, alieleza kwamba mwenye deni akizungumza husema uongo na akiahidi huvunja ahadi. Wengine wetu tunaanza uongo kabla hata fedha hazijaingia!

Mlango upo, nao ni udhamini. Ililetwa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu, asiyeacha kitu. Mtume (s.a.w.) aliwaambia maswahaba wamswalie wenyewe. Abu Qatada (r.a.) akalibeba deni lile, ndipo Mtume akamswalia.

Yule ndugu alipewa 100,000 za mfuko. Wenzake wanne wa hosteli wakamkopesha zilizobaki, kila mmoja kwa uwezo wake, wakaandika na kuweka mashahidi. Mtihani alifanya. Mfuko ameurudishia 60,000. Zilizobaki ameomba tumsubiri hadi mwezi ujao, nasi tunamsubiri.